Kurasa Sita za Nyuma

Huko Omani, kwenye teksi ya Nizwa kwenda Fanja, msichana aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsomea shangazi yake kitabu cha kuwaongoza wageni Unguja. Shangazi alikuwa akirudi huko kwa mara ya kwanza tangu alipohama, kumtafuta dada yake asiyejibu barua.

"Mtaa wa Malindi kuna milango ya nakshi."

"Milango naijua, mwanangu. Kimeandika nani kafiwa?"

"La, shangazi."

"Kina kurasa tupu?"

"Sita, nyuma."

Shangazi akamkabidhi kalamu, akamtajia nyumba za kwenda kutoa mkono wa taazia, kichochoro kwa kichochoro.

"Ya dada yangu iandike mwisho. Nikifika pale, nishaambiwa kama yu hai."

Niliomba kukiona kitabu. Ramani yake ni nzuri, lakini sehemu yenye manufaa iliandikwa ndani ya teksi.