Uyoga wa Aubin Castéra

Aubin Castéra ni mwongo. Nasema hivyo nikiwa nampenda, tena yeye mwenyewe amekaa pale dirishani mwa mkahawa wangu ananisikia. Kila Alhamisi huwachukua watalii wanaokuja Puygarrel na fimbo zao mbili mbili na kofia zenye kamba kidevuni, akawazungusha kijiji kizima: lango la kale, kanisa, kisima, ukuta. Pale ukutani huwasimamisha akawaambia kwamba enzi za vita vya kale Waingereza waliupanda mlima huu kutuvamia, na bibi zetu wakawamwagia mafuta ya bata yanayochemka. Watalii wanaguna, wanapiga picha mawe. Uongo mtupu! Mtu wa Puygarrel amwage mafuta ya bata? Tungewapa Waingereza kijiji, mafuta tukabaki nayo.

Akimaliza hapo huwateremsha kuelekea Rocanègre, kile kijiji cha kilima cha pili kinachotutazama kwa dharau tangu enzi za wafalme. Njia ameitia alama yeye mwenyewe kwa brashi na rangi ya njano, maana ndiye mwenyekiti wa chama cha watembeaji na hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Sasa, mtu mwenye akili zake akitoka kwetu kwenda Rocanègre anapita moja kwa moja katikati ya msitu wa mialoni. Njia ya Aubin haipiti huko. Inapinda, inapanda mpaka kwenye kinu cha upepo kilichobomoka, inazunguka mabanda ya bata, ndipo inashuka upande wa pili. Watalii wanafika Rocanègre ndimi nje. Ukimuuliza kwa nini anawatesa watu wa watu, anakujibu, "Mandhari." Mandhari gani? Kutoka pale juu unaona tangi la maji na bata.

Sababu tunaijua sote. Ndani ya msitu ule Aubin ana mahali pake pa sepi. Sepi ndio uyoga wenyewe, ule mnene wa kahawia, ukiukaanga na kitunguu saumu jirani anasogeza kiti dirishani anuse. Na kwetu mahali pa uyoga hapatajwi. Mtu atakuambia mke wa nani anatoka na nani, atakuonyesha alikoficha bunduki ya babu yake, lakini ukimuuliza anakookota sepi anakuwa kiziwi ghafla. Mahali hapo huambiwa mrithi mmoja, naye haambiwi mpaka mwenye mali awe anakata roho. Baba yake Aubin alipokuwa anakufa, padri alisimamishwa barabarani na mafuta yake matakatifu mpaka habari za uyoga ziishe.

Msimu ukifika, kila mtu anakuwa mwizi wa mali yake mwenyewe. Vikapu vinafichwa ndani ya makoti. Gari linaegeshwa mahali ambapo huendi. Aubin lake huliacha makaburini, tudhani kaenda kumtazama marehemu mkewe. Haki ya Mungu, mwezi wa kumi yule mama hutembelewa kuliko miezi mingine yote ikijumlishwa.

Ana mtoto mmoja tu, Nadège, mpishi wa makao ya wazee huko bondeni. Nadège alifanya kosa moja maishani: aliolewa na mtu wa Rocanègre. Fundi bomba, kijana mpole, hanywi kupita kiasi. Lakini ni wa Rocanègre. Jumapili moja mezani, mbele ya mumewe na mbele yangu, Nadège alimwuliza baba yake kwa sauti ya taratibu, "Baba, hivi mahali pale utamwachia nani?"

Aubin alikuwa amemaliza supu, amemimina divai kwenye mabaki yake kama tufanyavyo, bakuli liko mdomoni. Akalishusha. "Subiri nife kwanza," akasema. "Tena hata nikifa sijui. Siri ikishalala kitanda kimoja na mtu wa Rocanègre, asubuhi utaikuta sokoni."

Mume alicheka kidogo, maana ndiyo tabia yake. Nadège hakucheka. Alikunja kitambaa chake, akatoa vyombo, akaviosha vyote. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili na chungu cha supu, wakaongea habari za mvua na bei ya gesi, basi. Nilimwambia Aubin, "Umemkata mwanao maini." Akanijibu nihudumie wateja.

Basi mwaka huu mvua ilinyesha, jua likafuata, na kijiji kizima kikapagawa. Siku ya tatu mchana, karata ziko mezani mkahawani kwangu, simu ikalia.

"Lucienne," sauti ikanong'ona, "usitaje jina langu."

"Aubin?" nikasema. Nimezoea kupaza sauti, ndiyo kazi yangu. Karata zote zikasimama hewani.

"Mungu wangu, mwanamke wewe! Nimekuambia usitaje!"

"Una nini? Mbona unahema?"

"Nimeteleza. Mguu umevunjika. Umeangalia upande usio wake."

"Uko wapi?"

Nikasikia anakohoa tu.

"Aubin, uko wapi?"

"Niko nje."

"Nje wapi?"

"Nje tu."

Nyuma yangu Firmin alikwisha simama. Firmin ni mwokaji wetu wa mikate, na pia ndiye mkuu wa wazimamoto, maana kwetu wazimamoto ni hawa hawa: mwokaji, kinyozi, mwuza matrekta. Wote wanacheza karata kwangu. Na wote, kila mmoja wao, ni wawindaji wa sepi wa kutisha. "Gari liko tayari!" akasema Firmin, macho yanang'aa. "Atuambie mahali tu. Tunakuja wote. Wote kabisa!" Na kinyozi, mshenzi yule, alikuwa tayari anatafuta kikapu.

"Huyo Firmin namsikia," Aubin akasema. "Mwambie akae chini."

Nilitoka na simu mpaka uani. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Rocanègre, upepo wa baridi. "Sikiliza we mzee kichwa ngumu," nikamwambia. "Mvua inakuja. Umekula chumvi nyingi, ukinyeshewa usiku kucha hutaamka. Niambie mahali."

"Nitajikokota mpaka barabarani."

"Kwa mguu gani?"

"Nina mwingine."

"Aubin!"

Nikasikia meno yake yanagongana. Mara hii alipozungumza ubishi ulikuwa umemtoka. "Lucienne, vidole sivisikii. Mwambie Nadège..."

"Nimwambie nini? Mahali? Nimwambie mahali?"

"Mwambie namsalimu," akasema, na simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani.

Nilimtukana pale uani matusi ambayo sijayatumia tangu marehemu mume wangu auze gari letu akiwa amelewa. Nilikuwa naogopa, ndiyo sababu. Msitu ule ni mkubwa, una makorongo, na giza la mwezi wa kumi halikawii. Hata tungewapeleka watu wote wa Puygarrel wangejipanga kutafuta uyoga kwanza, mzee baadaye. Nikampigia Nadège kazini nikamweleza. Nilidhani atalia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Shangazi Lucienne, lile toroli la kubebea kuni bado unalo?"

"Lipo. La nini?"

"Njoo nalo kwenye birika la kufulia nguo, pale ukingoni mwa msitu. Firmin mwambie alete gari la wagonjwa pale msalaba wa njia panda, na asitoke ndani ya gari. Akitoka, mwambie huyo mama yake tunayemtunza hapa makaoni nitamwekea chakula bila chumvi mpaka Krismasi."

Firmin alipata ujumbe, akakaa ndani ya gari kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Nadège alifika birikani na aproni yake ya jikoni bado kiunoni. Alinipokea toroli, akaingia msituni. Hakuita jina la baba yake, hakusimama kusikiliza. Alikata kushoto penye mwaloni uliopigwa radi, akavuka kijito mahali penye jiwe la kukanyaga, akapanda, mimi namfuata nikipapasa miiba. Alitembea kama mtu anayekwenda chooni kwake. Siwaambii zaidi ya hapo, na huo mwaloni nimewadanganya.

Tulimkuta ameegemea shina, midomo ya buluu, mvua imeanza kudondoka. Koti lake halikuwa mwilini. Alikuwa amekifunika nalo kikapu.

"Koti umemfunika nani?" nikamfokea. "Uyoga unaumwa kifua?"

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama Nadège. Nadège alipiga magoti, akamvisha lile koti, akavua aproni akaanza kumfunga mguu na kijiti.

"Nani kakuonyesha hapa?" Aubin akauliza.

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Nikiwa darasa la pili. Ulimwambia mama unakwenda kwa daktari wa meno. Nikakufuata. Ulikuwa unaimba, ningekupotezaje?"

Nadège alikaza fundo, mzee akapiga yowe, akatulia. "Na mumeo?" akauliza, sauti ndogo.

"Hajui. Sepi zetu tunanunua sokoni, baba. Ghali, na zina funza."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Nakuja kila mwaka, nakaa juu pale, naziangalia, narudi nyumbani."

"Na huchumi hata mmoja?"

"Hukunipa," Nadège akasema. Sasa ndipo alipolia, lakini mikono yake haikuacha kazi.

Aubin naye alilia. Nimemjua tangu tukiwa watoto, nimemwona akimzika mkewe macho makavu, na pale chini ya mwaloni alilia kwa kwikwi mpaka kikapu kikawa kinatikisika mapajani mwake. Akamshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili yenye matope, akamchafua nywele zote.

Tulimpakia kwenye toroli, kikapu juu yake. Akaniambia nifumbe macho. Nikamwambia nikifumba macho nitamtumbukiza korongoni, achague. Akachagua nifumbe moja. Tukaanza kushuka, Nadège ameshika mikono ya toroli, mimi nazuia mbele lisiteremke lenyewe, mvua inatupiga.

Hatukwenda mbali Aubin akainua mkono. "Simama. Simama kidogo, mwanangu." Alikuwa anatetemeka na gari la wagonjwa lilikuwa linamsubiri, lakini Nadège akasimama. "Pale chini ya lile jiwe lenye kuvu," mzee akasema, "ndipo unapoota wa kwanza. Ukiona huo umetoka, hesabu siku chache ndipo uje kwenye mteremko. Na usivute, kata kwa kisu. Babu yako alikuwa anavuta, akaharibu upande mzima."

Nadège aliweka toroli chini. Alikuwa amelipita jiwe lile kila mwaka tangu utoto wake, na uyoga wake wa kwanza aliujua.

"Lipi, baba?" akasema. "Nionyeshe."

Naye akainama shavu kwa shavu na baba yake, akakifuata kidole kwa macho, akaacha aonyeshwe.