Mstari wa Shingoni

Wa kwanza kuchinjwa alikuwa yule mwenye mbawa za chuma. Nilimkuta alasiri moja nilipopumzisha sindano, ukurasa wa tatu, anaruka juu ya mji unaowaka moto kama ilivyo kawaida yake, ila shingoni ana mstari wa wino wa buluu, mwembamba, umenyooka kutoka upande hadi upande. Nikafungua ukurasa wa nne. Huko nako amekatwa. Wa tano, amekatwa yeye na adui yake. Hata farasi wa polisi alikuwa amekatwa. Nikakifunga kile kitabu, nikatazama mlangoni, kisha nikachungulia chini ya kitanda, kana kwamba aliyefanya vile angekuwa bado amejificha humo na kalamu yake.

Lazima niseme vitabu hivyo vilifikaje nyumbani kwetu Malindi, miaka hiyo ya themanini. Nilikuwa na shoga yangu aliyekuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi. Wageni wakiondoka huacha vyumbani nusu chupa za mafuta ya jua, kandambili, na vitabu vya katuni. Mafuta na kandambili wenzake waliyagombania. Katuni hakuna aliyezitaka, basi akaniletea mimi, za Kitaliano, za Kijerumani, nyingine sijui za nchi gani. Nilikuwa na vitabu thelathini na kimoja ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na sikuweza kusoma hata neno. Shule niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu chenyewe kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda nje. Lakini picha zilinitosha. Maneno nikiyatia mwenyewe. Nimekaa barazani nashona kofia, sindano inakwenda, na kichwani mwenye mbawa anamwambia adui yake, "Umenikuta sijanywa chai. Leo utanitambua!" Nikicheka peke yangu, wapita njia wananitazama.

Na Jumamosi alasiri nilikwenda kwa jirani yetu, mama mmoja mpana mwenye maneno mengi, ambaye mwanawe alirudi kutoka Uarabuni na televisheni na deki ya video. Wanaume walikuwa na wakati wao na kanda zao za ngumi. Jumamosi alasiri ilikuwa yetu wanawake na watoto, na kwa kuwa watoto ndio waliochagua, ikawa katuni tupu. Mimi, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, nikikaa mbele kabisa na watoto, magoti kifuani. Mambo yaliyoganda kwenye karatasi zangu, hapa yalikwenda: nguo inapepea, ngumi inarudi nyuma kwanza ndipo iende, jengo linaporomoka polepole na mtu analidaka kwa mkono mmoja kama anayepokea nazi kutoka kwa mkwezi. Siku ya kwanza niliposikia shujaa akisema, nilipiga kelele, "Sauti yake siyo hiyo!"

"Wewe sauti yake umeijulia wapi?" jirani akaniuliza. "Ni mumeo?"

Wakacheka hata ikabidi kanda irudishwe nyuma.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuja huko mara moja tu. Alikuwa na miezi minne tangu aolewe kutoka Mambrui, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtaratibu, maneno yake ya kuhesabu. Siku hiyo alitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Na hao wanaoruka, wamepanda nini?" Aliyecheka kwanza ni mimi. Nikalirudia swali lake kwa waliokaa nyuma ambao hawakulisikia, tena nikamuiga na sauti. Wifi akajifunga buibui lake vizuri, akaondoka, hakuja tena. Sikulifikiria sana. Nilikuwa na furaha zangu.

Ijumaa moja kaka akarudi msikitini amejaa mawaidha. Alikuwa mwashi, mtu wa kazi, si mtu wa kelele, na kwa sababu hiyo akisema jambo lilikuwa limekwisha. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na wifi na mimi tukisali katika changu. Akasimama mlangoni, akaliangalia lile sanduku.

"Chumba kinachosaliwa hakikai picha za viumbe," akasema. "Humo ndani mna viumbe wangapi?"

"Wengine ni mazimwi tu, kaka."

"Zimwi nalo ni kiumbe. Ukiandama mwezi wa Ramadhani, vitabu hivyo visiwe humu. Vikiwapo, nitavitia moto uani mwenyewe."

Zilikuwa zimesalia wiki tatu. Nilimwomba shoga yangu anihifadhie, akanambia wao wanalala wanne chumba kimoja na sanduku lake mwenyewe hulilalia. Nilimwomba jirani, akasema kwake watoto watavichana siku hiyo hiyo. Na nikiwa katika kuhangaika huko, ndipo nikamkuta mwenye mbawa amekatwa shingo.

Kila niliporudi kutoka kutazama katuni kwa jirani, au kupeleka kofia kwa mwenyewe, kitabu kingine kilikuwa kimeshapitiwa. Si ukurasa mmoja, si shujaa mkubwa peke yake. Hata watu wadogo waliosimama madirishani, wadogo kama chungu kwenye sukari, kila mmoja na mstari wake. Ni nani mwenye subira hiyo ya chuki? Nikatega uzi mweupe wa kofia kwenye kifuniko cha sanduku. Niliporudi ulikuwa umekatika. Nikaweka vitabu kwa mpango ninaoujua mimi. Nikavikuta kwa mpango uleule, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba mtu huyo anaangalia kabla ya kugusa.

Sasa, sisi tunaoshona kofia tunaujua mkono wa mtu. Nionyeshe kofia mbili, nitakwambia kama zimeshonwa na mmoja. Nikaichunguza ile mistari mchana, kitabu nimekisogeza machoni. Kila mstari ulianza na kidoa kizito upande wa kulia, ukamalizikia kushoto umekonda. Hakuwa kaka. Kalamu yake ilikuwa ya risasi, nene, ya kutia alama mbao, na mchana kutwa yuko kazini. Huyu alikuwa mtu aliyezoea kuandika kutoka kulia. Mtu aliyekaa chuoni miaka na miaka akiwaandikia watoto alifu na bee.

"Wifi," nikamwambia asubuhi tukichambua mchele, "kidoleni una nini?"

"Wino."

"Wa nini?"

"Wa kalamu." Akapuliza makapi, akaendelea.

Nilitaka kumrukia. Lakini kabla sijapata maneno, nikainua macho nikaliona rafuni kopo letu la maziwa ya unga, lenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Mtoto alikuwa na mstari shingoni. Wa buluu. Mchele ukanimwagikia miguuni.

Nikamwendea jirani, shikamoo yenyewe nikaitoa nusu. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mkono shavuni.

"Mwanamke ana miezi mitano ndani, dalili hana," akasema, "kisha anamchinja mtoto wa kopo? Hebu shtuka, mwanangu. Hayo si mapenzi ya Mungu hayo."

Siku hizo nikaanza kula nikimngojea wifi atie tonge lake kwanza. Akinipa maji, nasema sina kiu. Akiimba jikoni, nasikiliza kama ni wimbo au ni kitu kingine. Yeye akinitazama tu, na kila aliponitazama nikaona ndilo tazamo la mtu anayepima shingo. Na mle sandukuni waliobaki wazima walikuwa wakipungua.

Nikaona niseme kabla sijamalizwa mimi. Kaka aliporudi kazini alasiri, hajavua hata viatu, nikamtolea sanduku barazani, na kopo la maziwa juu yake. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Mkeo anafanya uchawi," nikasema. "Tazama. Wote hawa amewachinja. Na mtoto huyu. Leo ni karatasi, kesho ni mimi."

Kaka akafungua kitabu cha kwanza, akapitisha ukurasa mmoja mmoja kwa vidole vyake vyenye saruji. Akafungua cha pili. Nikaona uso wake unabadilika, nikafurahi, Mungu anisamehe.

"Ni wewe?" akamuuliza mkewe.

"Ni mimi," akasema wifi. "Baba chuoni hufanya hivyo. Kopo la maziwa, pakiti, gazeti, chochote chenye sura. Ukiikata shingo kwa mstari, kichwa si chake tena. Imekuwa kama picha ya mti."

Kaka akakuna ndevu. "Kweli nimesikia hivyo. Basi hivi havina neno. Vikae." Akavipitia vilivyobaki, akavigawa vyote mafungu mawili kwenye sakafu. "Na hivi tisa?"

"Hivyo sijavifikia."

"Visipokatwa hadi mwezi kuandama, vinatoka." Akavua viatu.

Wifi akaweka birika chini, akaitoa kalamu kwenye pindo la kanga, akaiweka juu ya vile tisa. "Malizia mwenyewe," akanambia. "Mimi mchawi, sitakugusia vitu vyako."

Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikakaa na kalamu. Mkono huu unaopiga matundu elfu kwenye kofia moja bila kukosea ulishindwa kumkata mtu wa karatasi. Shujaa wa kitabu cha kwanza katika vile tisa alikuwa msichana anayegeuka wimbi, nampenda, ananitazama. Nikamkata pua badala ya shingo. Siku nzima nikamaliza kurasa sita, na katika kurasa sita mlikuwa na machozi yangu zaidi ya wino.

Siku ya pili nikamfuata jikoni. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Wifi, nisamehe. Nilikudhania ubaya."

"Hukukosea yote," akasema. Mbuzi ikasimama. "Yule wa kwanza, mwenye mbawa, nilimkata kwa nia. Ulinicheka mbele ya watu nisiowajua. Nikasema nami nimuumize mtu wake. Kitabu kizima nilikikata kwa hasira."

"Na vingine?"

"Nilipokimaliza nikakitazama, nikaona, kumbe hiki sasa hakichomwi. Nikachukua cha pili."

"Ungenambia."

"Ungenicheka."

Nilifurahi na nikaingiwa na wasiwasi kwa pamoja. Kila mstari niliouona baadaye niliutazama nikijiuliza, huu ni wa hasira au ni wa huruma? Mistari yote ni sawa. Hata leo nikivifungua siwezi kukwambia hasira iliishia ukurasa gani.

Akafuta mikono, akaja chumbani. Tukakaa mkekani, yeye na kalamu, mimi namfunulia kurasa na kupuliza wino ukauke. Alikuwa mwepesi ajabu, na alikuwa na maswali.

"Huyu shingo yake iko wapi?"

"Hana. Amejaa misuli mpaka masikioni."

"Basi nikate pale kichwa kinapoota. Lo, mtu kama gunia! Na hili?"

"Hilo ni lichuma, limetengenezwa."

"Lina roho?"

"Linaongea."

"Hata redio yaongea. Liache." Akafunua mwenyewe. "Huyu naye kwa nini analia?"

Nikamwambia kwamba mumewe amegeuzwa jiwe. Uongo wangu wa siku zote. Akakaa akimtazama yule mwanamke, kisha akamkata taratibu, kama anayemchanja dawa. Mara mbili tatu nilimkuta amesahau kalamu hewani, anasoma picha. Sikufunua ukurasa, nisije nikaharibu.

Siku ya nne tulikuwa kwenye kitabu cha mwisho, na kilikuwa na balaa la kurasa za umati: mji mzima unakimbia, vichwa mia, shingo mia. Tukaacha kwa sala ya magharibi, tukarudi. Nusu yake tu ilikuwa imekwisha watoto walipoanza kupiga kelele njiani kwamba mwezi umeonekana. Wifi akazidisha mbio. Mstari, mstari, mstari. Nikasikia viatu vya kaka.

Alikuwa amevaa kanzu tayari kwa sala ya tarawehe. Akasimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Bado nusu hii tu," nikasema. "Kaka, dakika moja."

"Mwezi umeandama," akasema kaka. Hakuwa mkali. Ndivyo alivyokuwa.

Nikakishika kile kitabu kwa mikono miwili. Wifi akaninyang'anya, akakifungua katikati palipo na pini, akakipasua vipande viwili kwa mvuto mmoja, kama anayepasua kitambaa. Kipande kimoja akampa mumewe.

"Hawa hawajakatwa," akamwambia. "Hawa wengine wameshakatwa."

Kaka akakitazama kipande chake, akatutazama sisi, wino umetupakaa hadi viwikoni. Akakikunja, akatoka nacho uani, tukasikia kiberiti.

Kipande chetu kiliishia mahali ambapo mji unakimbia na aliyekuja kuuokoa bado yuko hewani. Nikakitia sandukuni na vile vingine thelathini, nikafunga kifuniko. Wifi alikuwa ameshatandika mswala kwa isha, ila sanduku lilimzibia pa kusujudu. Akalinyooshea kidole. Nikalisukuma upande wa miguuni, akasimama kuelekea kibla, nami nikaenda kutawadha.