Mjukuu Asiyeamkia Watu Asubuhi

Siku wakwe walipokuja, ndani ya nyumba yangu walikuwepo hawa. Nilikuwepo mimi mwenye nyumba. Alikuwepo mwanangu mkubwa, ambaye kwa mjukuu wangu ni baba mkubwa, naye ndiye aliyekaa mahali pa baba, maana wazazi wa yule binti walitangulia wote wawili. Alikuwepo jirani yangu wa upande wa kisima, aliyekuja kunisaidia kupika akabaki kusikiliza. Mjukuu wangu mwenyewe alikuwa chumba cha nyuma, akingoja kuitwa. Upande wa wageni alikuja baba wa kijana, mnunuzi wa dhahabu kule Nyarugusu. Alikuja dada yake, yaani shangazi wa kijana, anayeuza chakula kule kule mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Na mshenga wao. Kijana hakuja. Alibaki Geita.

Majina yao yote ninayo, hata jina la babu wa mshenga ninalo. Siyaandiki. Kwetu mtu anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na nikitaja mama fulani mmoja tu, Shinyanga yote itajua nimemsema nani.

Sasa nieleze tulivyofika hapo.

Mjukuu wangu huyu alisoma mambo ya kompyuta. Kazi yake ni kutengeneza programu, zile zinazokaa ndani ya simu ukagusa zikakujibu. Alikuwa ameajiriwa Dar es Salaam, ofisi nzuri, na kila mwisho wa mwaka alikuwa anakuja na vitenge. Mwaka ule akaja katikati ya mavuno ya pamba, hana vitenge, ana mabegi yote.

"Umefukuzwa?" nikamuuliza kabla hajakaa.

"Sijafukuzwa, bibi. Nimeacha."

"Nani anaacha mshahara?"

"Mimi, mke mwenzio."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaniambia na habari ya pili hapo hapo, kwamba amepata mchumba, mtu wa Geita, na kwao wananunua dhahabu. Nikaziweka habari mbili pamoja, kuacha kazi na dhahabu, na moyo wangu ukakataa kutulia.

Kilichonitia wasiwasi zaidi kilianza kesho yake. Mjukuu niliyemlea mimi, niliyemfundisha kupiga magoti, alitoka nje asubuhi akanipita kama nguzo. Akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na zizi na simu yake. Nikasema labda usingizi. Nikamwanza mimi, mkubwa, kwa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka." Kimya. Akanyoosha kiganja tu, kama mtu anayezuia gari. Baadaye jua limepanda ndipo akaja na magoti yake na shikamoo yake, tena kwa heshima zote. Ikawa hivyo kila siku.

Mtu asiye wa huku ataona ni utovu wa adabu tu. Mimi niliona kingine. Zamani shemeji yangu alikuwa na duara Nyarugusu, shimo lake la kuchimba, na alikuwa hapati kitu. Akaenda kwa mganga akarudi na masharti. Sharti mojawapo lilikuwa hilo: asifungue mdomo asubuhi mpaka afike shimoni. Mke wake alimsalimia, watoto walimsalimia, yeye kiganja. Dhahabu ikatoka. Halafu mtoto wake wa tatu akaugua, akawa haongei wala hatembei, na watu wakasema ndagu, amemtoa mtoto apate mali. Kama ni kweli mimi sijui. Kiganja kile nilikiona kwa macho yangu.

Basi nikaanza kumchunguza. Nilimwandalia michembe, viazi vitamu vya kukausha, kwenye sahani moja nami, nione kama atakataa kushirikiana. Akala akamaliza na ya kwangu. Nikamuuliza kama kuna rangi asiyoivaa. Akasema njano, inamfanya aonekane mgonjwa. Hilo nalo nikaliweka akilini.

Jirani yangu alisema, "Mayu, huyo ni frimasoni. Hao wa kompyuta wote."

"Frimasoni anakula michembe?"

"Anakula. Wanaruhusiwa."

Siku moja alipokwenda mjini nikafungua begi lake. Nikakuta mzani mdogo unaokaa kiganjani, kama ule wa wanunuzi wa dhahabu, umefungwa kwenye kitambaa chekundu. Aliporudi, nilikuwa nimekaa kitandani kwake na mzani mapajani.

"Kaa," nikamwambia. "Nani umemtoa? Kama ni mimi, sema, mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Kama ni mtoto wa baba yako mkubwa, utanikuta mlangoni."

Alinitazama mpaka machozi yakamtoka, na sikujua kama anacheka au analia. Ndipo akaeleza. Alisema wachimbaji wengi hawajui dhahabu imeamkia bei gani. Anayetoka shimoni na gramu zake anakutana na mnunuzi, mnunuzi anataja bei anayotaka. Yeye na wenzake wawili aliosoma nao wametengeneza programu. Kila asubuhi anatazama bei ya dunia, anaulizia kwa ujumbe wa simu kwenye masoko ya madini, anaiandika, inaingia kwenye simu za watu kabla hawajauza. Wenye karasha za kusagia mawe na wenye maduka ya vifaa wanalipia matangazo mle ndani, naye anakula hapo.

"Na kwa nini huniamkii?"

"Mwanzoni nilikuwa naandika huku naongea na watu. Siku moja nikakosea tarakimu. Mchimbaji mmoja akaenda na bei yangu kwa mnunuzi, akaitwa mwongo, akapigwa mpaka meno yakang'oka. Tangu hapo siongei na mtu mpaka nimalize na kuhakikisha."

"Na mzani?"

"Nilipozunguka Nyarugusu kuuliza watu, nilikuwa napima kama mizani ya wanunuzi ni ya kweli. Ndiko nilikompata mchumba wangu. Alikuwa dukani kwa baba yake, akaniruhusu nipime."

"Mzani wa baba yake ulikuwaje?"

Akatazama chini. "Bibi, hilo usiniulize."

Maelezo yalikuwa mazuri. Lakini shemeji yangu naye alikuwa na maelezo mazuri. Sikumwamini sana siku ile, nasema kweli. Nilichoshika ni kwamba mchumba anajua kazi yake na baba mkwe hajui.

"Kijana amesema atamwambia mwenyewe muda ukifika," akasema.

Muda haukufika. Walifika wageni.

Mwanangu alikuwa ameshapanga maneno. Wakiuliza kazi ya binti, tuseme anafanya kazi za kompyuta, basi, hakuna mtu wa Nyarugusu atakayeuliza zaidi. Nilikubali kwa kichwa. Tukala, wakasifu kuku, mshenga akasema aliyokuja kusema, mahari ikazungumzwa kwa ng'ombe kama nilivyotaka mimi, maana sikutaka pesa za dhahabu ambazo sijui zimepita wapi. Mambo yalikuwa yanateleza vizuri mpaka yule baba, ameshashiba, akaanza kulalamika.

"Biashara imeharibika," akamwambia mwanangu. "Siku hizi mchimbaji ametoka shimoni sasa hivi, hata uso hajanawa, anakuonyesha simu. Bei ya leo ni hii, mzee. Kuna mtu amekaa mahali anawapa. Nikimjua mtu huyo!"

"Utamfanya nini?" dada yake akauliza.

"Nitamjua kwanza."

Mwanangu akanitazama haraka, macho yakisema nyamaza. Na hapo hapo yule shangazi akanigeukia mimi, kwa sababu ndiye mwenye haki ya kuuliza upande wa wanawake.

"Mama, wewe ndiye umemlea. Sisi tunakuuliza wewe. Mnatupa mtu wa namna gani? Kazi yake ni ipi hasa?"

Nilikuwa na jibu la mwanangu mdomoni. Lakini mimi ni mwanamke mzee wa Shinyanga. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia samadi, na kuna majira ambayo macho kama haya yalitosha mwanamke kuitwa mchawi na kuuawa. Nilikuwa na rafiki. Jina lake ninalo. Hakuwa na kosa, alikuwa na macho tu, na kulikuwa na mtoto mgonjwa nyumba ya pili. Kwa hiyo najua mambo yanavyokwenda. Binti ataolewa na siri yake. Siku mtoto wa kwanza wa ukoo ule atakapougua watatafuta sababu, watakuta bibi harusi anakaa asubuhi karibu na zizi hasemi na mtu, na kwamba kumbe tangu mwanzo alificha kitu. Mimi mwenyewe, bibi yake, nilimwita mchawi kwa hayo hayo. Wao wataacha kumwita?

Nikasema, "Mtu unayemtafuta, mkwe, yuko chumba cha nyuma. Ndiye huyo huyo mnayemposa."

Mwanangu alishika paji la uso. Jirani yangu akaacha kutafuna.

Yule baba aliweka kikombe chini taratibu. "Mwiteni."

Mjukuu wangu akaja, akapiga magoti, akaamkia. Hakuitikiwa.

"Nani anakutuma?" yule mzee akamuuliza. "Wanunuzi wakubwa wa Geita? Wazungu wa mgodi?"

"Sijatumwa na mtu, baba."

"Hakuna mtu anayefanya kazi ile bure. Wanakulipa ili utumalize sisi wadogo, halafu wao wanunue peke yao. Na mwanangu? Mwanangu ulimpata vipi? Ulikuja dukani kwangu kupeleleza ukamkuta pale."

"Nilikuja kuuliza. Sikuficha. Nilimwambia siku ile ile."

"Kwa hiyo na yeye anajua." Hilo lilimuuma kuliko lile la kwanza, nililiona. "Nipe simu."

Akampa. Mzee akatoa na ya kwake, akalinganisha bei ya asubuhi na ile aliyopewa na watu wake sokoni. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama namba. Hakusema ni sawa. Hakusema si sawa pia.

Basi yule shangazi akaanza kucheka, kicheko cha kutikisa mabega.

"Kumbe ndiyo wewe, mwanangu!" Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akaifungua pale pale. "Mimi ninayo hii tangu masika. Wachimbaji wananilipa chakula kwa vumbi la dhahabu, nitajuaje thamani yake?"

Kaka yake akamtazama. "Wewe?"

"Kaka, hukujiuliza kwa nini mwaka huu sikuuzii?"

"Ulisema hupati!"

"Napata. Namuuzia mwingine."

Jirani yangu akashindwa, maji yakamtoka puani. Mshenga akatazama dari. Yule mzee alisimama, akavaa kofia, akasema asante kwa chakula, gete, kwa kweli mmetupokea vizuri, na majibu yatakuja. Ng'ombe hawakutajwa tena.

Walipoondoka mwanangu alinisema maneno ambayo siandiki. Kwamba nimeiua ndoa ya mtoto yatima kwa mdomo wangu. Mjukuu wangu alikuwa ameshainuka. Alikusanya vyombo. Nilimfuata jikoni nikamuuliza kama amekasirika, akasema, "Ilinipasa niseme mwenyewe. Ila nisingeweza, bibi."

Mshenga alirudi majuma machache baadaye akiwa peke yake. Mzee anakubali, alisema, kwa sharti dogo. Bei iwe inatolewa mchana badala ya asubuhi.

"Mchana watu wameshauza," mjukuu wangu akajibu. "Mwambie sikubali, na umwambie kwa heshima."

"Heshima ipi hapo?" mshenga akauliza, lakini akaenda.

Kisha akaja kijana, kwa pikipiki, kutoka Geita mpaka hapa, vumbi mpaka kwenye kope. Sikumkaribisha ndani kwanza. Nilimsimamisha pale uani.

"Umetumwa?"

"Sijatumwa, bibi."

"Baba yako anajua upo hapa?"

"Anajua. Amekasirika, lakini anajua. Nimemwambia nitamwoa, asubuhi yake ikiwa vile vile ilivyo."

"Mbona hukumwambia mapema, ukatuachia sisi wanawake?"

"Niliogopa."

Ilikuwa sentensi ya kwanza kutoka ukoo ule ambayo sikuigeuza kuangalia upande wa pili. Nikampa maji ya kunawa.

Shangazi ndiye aliyemaliza kazi, nadhani kwa kumsumbua kaka yake mpaka akachoka. Ng'ombe walikuja mwishoni mwa kiangazi. Watu walitaka nipige vigelegele. Mimi nikaomba waongoza ng'ombe wawasimamishe kwanza, nikawafungua midomo mmoja mmoja, nikatazama meno. Wameletwa na mtu wa mizani, sikutaka kushangaa baadaye. Mmoja alikuwa mzee, meno yamesagika hadi kwenye ufizi. Huyo nilimrudisha siku ile ile. Wakaleta mtamba mzuri mweusi, bila neno, na hapo nikakubali mtoto wangu aende.

Ninyi mliokuwa ndani siku ile bado mko hai wote, isipokuwa mshenga. Kuna mahali sina uhakika napo: kama shangazi alitoa simu kabla mzee hajalinganisha bei au baada, na kama yule mzee alisema "nitamjua kwanza" au alisema neno lingine kali ambalo mimi nimelilainisha. Mwanangu anasema lilikuwa lingine. Jirani anasema hakuna neno kama hilo lililosemwa kabisa, lakini yeye alikuwa anatafuna. Kama nimekosea, njooni mniambie kwangu, msiambiane ninyi kwa ninyi barabarani, nami nitafuta niandike upya.