Kamba ya Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa la kifahari, la viti viwili, bila paa. Ukiniuliza ni nani mwenye akili timamu analeta gari lisilo na paa huku Kuresoi, na mvua zetu hizi, nitakwambia ni mzungu aliyekuwa na hili shamba zamani. Alipoondoka alimwachia baba, dereva wake wa trekta. Ya aina hiyo yamebaki machache sana, na mengi yameshang'olewa vipuri. La baba lilikuwa na kila kitu chake, pamoja na kuku waliotagia nyuma ya kiti.

Ni mimi niliyeweka picha mtandaoni. Magoti ya mama yalikuwa yameisha, hata kwenda chooni alienda akishika ukuta, na daktari wa Nakuru alishasema bila upasuaji hatatembea tena. Baba alikubali gari liuzwe kabla sijamaliza kuongea. Siku hiyo nilimpenda, haki ya Mungu.

Mnunuzi akaja kutoka Nairobi na lori la kulibeba. Alikuwa mtu wa adabu, mkusanyaji wa magari ya zamani. Akanywa chai, akalizunguka gari akilipapasa kama mtu anayekagua ng'ombe mwenye mimba. Wakaelewana bei. Kisha akaomba ufunguo.

"Huo siuzi," baba akasema.

Nikajua papo hapo. Kwetu ukiuza ng'ombe, mnunuzi huja na kamba yake. Yako unabaki nayo, ili baraka ya zizi isiende na mnyama. Lakini jameni, hili ni gari!

"Mzee, bila ufunguo wake halisi sitalichukua," mnunuzi akasema. "Kila kitu lazima kiwe kile lilichotoka nacho kiwandani."

"Basi rudi na lori lako."

Nilitamani kulia. "Baba, ni magoti ya mama!"

"Najua ni ya nani," akajibu, akiusukuma ufunguo chini zaidi mfukoni.

Mama alisikia akiwa ndani. Akatoka akishika ukuta, halafu akishika bega langu, hadi kwenye mlango wa abiria. Mlango huo haukuwahi kufunga vizuri. Siku baba alipomtoa kwao, msichana wa kitambaa kipya kichwani, aliufunga kwa kamba ya katani asije akamwaga bibi harusi kwenye kona za Molo. Kamba ilikaa hapo miaka yote, nyeusi kwa kushikwa. Mama akaifungua taratibu.

"Boss, hii ilitoka kiwandani?"

"Hapana, mathe."

"Basi ni yetu." Akamwekea baba mkononi. "Kamba ndiyo hii, wewe mwenye kichwa kigumu. Mpe mtu ufunguo wake."

Baba akautoa. Gari likapandishwa kwenye lori, na kuku mmoja akalifuata akipiga kelele mpaka getini.

Mama alipotoka hospitali nilienda na baba kumchukua na kagari kangu. Alitembea mwenyewe hadi mlangoni, polepole, akicheka. Alipokaa, baba akachomoa ile kamba kwenye koti, akaipitisha kwenye mkono wa mlango na kuanza kuifunga kwenye kiti.

"Baba, mlango wangu unafunga vizuri."

"Wewe endesha," akasema, bila kuinua macho. "Na kwenye kona zile uende polepole."