Msonyo wa Klarineti

Mtu aliyenifundisha kupiga klarineti kwa ulimi aliniita mwizi kila asubuhi kwa miezi mitano, mbele ya mke wake na majirani. Alinifundisha ili aninyang'anye klarineti hiyo, na hakunificha.

Chanzo kilikuwa mwaka 1979. Wanajeshi wa serikali iliyoangushwa walipokimbilia mpakani, vitu vya kambini vilizagaa barabarani: mablanketi, sufuria, hata mashine za kuandikia. Baba yangu, mkulima wa karibu na Kuluva, alitoa debe la simsim akapewa klarineti iliyofungwa ndani ya shati la jeshi. Aliyempa hakusema ameitoa wapi, na baba hakuuliza. Sisi wenyewe tulipokimbilia Kongo baadaye, tulikwenda nayo, na huko nikajifunza nyimbo za kanisa. Tuliporudi nilipata ukarani kwenye ghala la tumbaku Koboko, nikawa napiga kanisani kila Jumapili.

Jumapili moja mzee Mwislamu, askari wa zamani, alisimama nje ya dirisha mpaka ibada ikaisha. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote.

"Hiyo kitu iko yangu," akasema. "Mimi nilipiga hiyo kwa bendi ya jeshi."

"Mzee, baba yangu aliinunua ikiwa imefungwa ndani ya shati la jeshi."

"Hata mwizi iko nanunua."

Hakuwa na ushahidi ila mmoja. Zamani kambini ngoma kubwa ilipasuka ngozi, na nyingine haikuletwa. Wapiga klarineti wanne wakajizoeza kupiga kwa ulimi hadi chombo kikatoa mdundo na wimbo kwa pamoja. Kila klarineti, alisema, ilikuwa na mdundo wake, na wenzake wawili waliokuwa wakiishi Arua wangeutambua wakiwa wamefumba macho. Lakini yeye bila meno asingeweza kukishika chombo mdomoni. "Wewe utapiga. Wao watasikia. Watasema iko ya nani." Mmoja wao alikuwa anamwoza binti baada ya mavuno, na huko harusini ndiko ningepiga.

Nilikubali. Nikijifunza vizuri ningeweza kuipoteza. Nikijifunza vibaya ningebaki nayo. Hesabu hiyo niliielewa. Ila siku ile dirishani alinionyesha mdundo wenyewe kwa ulimi mtupu, tak, tak-tak, na tangu hapo nyimbo zangu za kanisa zilinichosha.

Nilikwenda uani kwake kabla ya kazi. Mke wake alinisogezea kigoda.

"Mzee, wacha karani akunywe chai kwanza."

"Mwizi hapana kunywa chai yangu."

Somo lilikuwa hili: usiguse tete, kibanzi chembamba kilichofungwa kwenye kidomo cha kupulizia, kwa ncha ya ulimi kama watu wote wanavyofanya. Bandika ulimi mzima juu yake, nyonya hewa mpaka unate, kisha uung'oe ghafla. Matete ya dukani hayakuwepo, kwa hiyo tulichonga ya mwanzi kwa wembe. Yalinichana. Mwezi wa kwanza nilitema damu na sikupata mdundo hata mmoja.

"Sonya," alisema. "Wewe hujui kusonya?"

Nilijua. Lakini nimelelewa kwamba kumsonya mtu wa umri wa baba yako ni kujitafutia laana. Mdomo ulikataa. Nilikuwa nanyonya kwa adabu, na kwa adabu tete halilii. Aliliona hilo kabla yangu. Kuanzia hapo aliacha kuelekeza akawa anatukana tu: kazi yangu, kanisa langu, miguu yangu. Asubuhi moja akamfikia baba, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

"Baba yako alivua maiti ya askari shati. Ndani ya shati akakuta klarineti."

Nilimsonya chombo kikiwa mdomoni. Tak! Kuku walikimbia. Mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Mzee hakucheka. "Tena," akasema.

Arua, siku ya harusi, wale wawili walikaa kwenye mkeka wakanipa mgongo. Kabla ya kupiga niliwaza kukosea makusudi. Pale mbele yangu mzee alikuwa amekaa, mdomo wake mtupu ukinitangulia kusonya. Nikapiga yote niliyokuwa nayo, na wanawake wakaingia kucheza.

Nilipomaliza, wa kwanza alisema, "Hii iko yake." Akamwonyesha mzee.

Wa pili akatikisa kichwa. "Hapana. Hii iko ya yule wa nne, mwenye alivuka mpaka akaenda Yei kuuza kahawa."

Waligombana hadi wali ukapoa. Hakuna aliyesema ni yangu. Mwishowe mmoja wao, baba wa bibi harusi, akaamua: mzee achukue kidomo, mimi nibaki na mwili wa chombo, mpaka yule wa nne arudi aisikie mwenyewe. Mzee alikichomoa kidomo palepale, kikiwa na mate yangu, akakitia mfukoni.

Nikikutana naye sokoni Koboko bado ananiita mwizi. Mimi nafanya zoezi la ulimi bila chombo, na mke wangu kila mara anauliza namsonya nani. Aliyekwenda Yei hajarudi.