Cherehani ya Bwana Sufuri

Mjomba wangu watu humwita Bwana Sufuri, kwa sababu hachoki kusema alianza na sufuri. Leo ana kiwanda cha sare za shule na nyumba ya ghorofa mbili. Kila akipewa kipaza sauti husimulia alivyoshona peke yake, kwa cherehani moja, katika chumba cha kupanga, mpaka Mungu akamfungulia. Wazazi huwafinya watoto wao: mnasikia? Maskini akiamua, anaweza.

Mimi nimelelewa katika chumba hicho. Aliyekuwa akishona ni mama yangu, dada yake mkubwa. Mjomba hajui kushikiza hata kifungo. Yeye alikuwa mdomo: alizunguka shuleni na sare za mfano, akaleta oda, na mama akakanyaga cherehani hadi miguu ikavimba. Simnyimi haki yake, mdomo ule ulitulisha. Lakini cherehani aliinunua mama, kwa miaka mitatu ya kuwafulia watu nguo. Kazi ilipokua, mjomba alileta mashine za umeme na mafundi wenye macho mapya, akamwambia mama akapumzike. Mama akaenda kupumzika mikono mitupu. Cherehani ikabaki kiwandani.

Siku hizi anashona kwa mkono, viraka na pindo za majirani, na vidole vimejaa matundu. Nilipomwambia tukaichukue cherehani yake, aligoma wiki nzima, eti ndugu hadaiwi. Mwishowe akavaa gauni lake la heshima, tukaenda.

Tuliikuta ukumbini, ndani ya kabati la kioo, imepakwa rangi upya, chini yake kibao: "Hapa ndipo nilipoanzia." Wanafunzi wa shule moja ya jirani walikuwa wameizunguka wakimsikiliza mjomba. Mama aliinama akaitazama sindano kwa muda mrefu, kisha akamvuta mdogo wake kando.

"Uzi umeingia sindanoni upande usio wake. Hii haishoni hata pindo."

Mjomba akacheka kidogo, akamshika bega. "Dada, nani atajua?"

Mama, kwa upole uleule ulioniudhi maisha yangu yote, akaeleza shida yake na kuomba arudishiwe cherehani. Mjomba akasema angeomba kingine chochote angepewa, lakini hiyo sasa ni ya watoto hawa, ndiyo inayowapa moyo. Akamtilia nauli mkononi.

Tulikuwa tunageuka kuondoka pale msichana mmoja, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya katani, alipomuuliza mama, "Bibi, wewe ulimwona akishona?"

Mjomba akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiogopa. Nilimfinya mama mkono. Sema, mama. Sema mara moja tu.

"Nilimwona, mjukuu wangu," mama akasema. "Alishona mpaka miguu ikavimba."

Watoto wakapiga makofi, na mjomba akapiga kuliko wote.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini. Alinishika mkono, tukavuka barabara kwanza.

"Wale ni watoto wa maskini," akasema. "Ningewaambia kwamba aliyeshona ni mimi, nilivyo hivi?"

Mjomba sijamsamehe. Na mama, Mungu anirehemu, bado najaribu.