Kibaba Kilichotoboka

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka nyumbani Malindi, mjini Unguja, bila kujua nakwenda wapi. Nilikuwa namkimbia mwenye nyumba. Alitaka kodi ya miezi sita ijayo ifikapo Ijumaa, yote kwa mpigo, na sikuwa nayo. Kila nikisikia mtu anapanda ngazi, nadhani ni yeye. Mke wangu Salma alikuwa mzazi, kajifungua wiki tano tu, nami akilini nshaliona godoro letu limetupwa uchochoroni.

Si kwamba sikubana. Nilipima sukari kwa kijiko, nikakataza nazi, nikapunguza samaki mpaka Salma naye akapungua. Nikimwambia, "Haba na haba hujaza kibaba." Mtoto ndiye aliyenijibu, kwa kilio.

Skuli niliiacha mapema, nikawa fundi wa kutengeneza cherehani, wa kuzunguka na mkoba wa spana. Siku ile miguu ikanifikisha Chwaka, kwa Bi Zuwena, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa imekwama.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona mawazo yako hayapo hapa? Utanivunjia sindano."

Nikamweleza yote, na methali yangu juu yake. Akacheka kidogo.

"Na hicho kibaba ushakitazama kitako? Kimetoboka. Mzazi unamnyima nazi, kodi ya mjini unaililia. Wateja wako wako wapi?"

"Huku Chwaka. Paje. Makunduchi."

"Na mjini unafanya nini?"

Nikafikiri. "Nnalala, Bi."

"Usingizi ghali huo. Hapa uani pana chumba kitupu, kodi yake ya mwezi mwezi. Mlete mzazi wako."

Nilisita, maana mimi ni mtoto wa mjini, na watu wangesema. Lakini Alhamisi nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, tukahamia. Hatujafungua mizigo, mlango ukabishwa. Nikaganda. Salma akafungua. Alikuwa Bi Zuwena, kashika nazi mbili.

Mwanangu, woga hukata visivyoweza kujibu. Sukari haigombi, nazi haigombi, na mke mpole hanung'uniki. Mwenye nyumba hugomba, ndiyo maana sikumgusa. Mambo yakikubana, usianzie chunguni. Tafuta lile moja linalokula kuliko yote nyumbani mwako, uanze nalo, hata likiwa limekaa juu ya fahari yako. Haba na haba ni kweli, lakini kwanza ziba kitako.

Mungu akujaalie mlango ambao ukibishwa, utaitika "karibu" bila kutetemeka.